Chumvi Iliyooshwa

Nilitibu watu wa milima ya Usambara kwa miaka sita kabla ya kukanyaga jikoni kwa hata mmoja wao. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue yuko na mtu wa namna gani. Nilikaribishwa sebuleni, nikakalishwa kwenye kiti chenye kitambaa kilichofumwa kwa mkono, nikaletewa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Huko jikoni, kile kibanda cha nyuma kinachofuka moshi asubuhi na jioni, sikujua kunafanyika nini na wala sikuwa na haja ya kujua. Mwanamume hana shughuli jikoni, sembuse daktari. Nilijiona nimeheshimiwa, na kweli nilikuwa nimeheshimiwa. Ila heshima ile ilinificha jambo ambalo nusura liharibu maisha ya mwanamke mmoja.

Mimi ni mtu wa Bukavu, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati ule. Nilisomea udaktari kwa Kifaransa, nikafanya kazi hospitalini mpaka mshahara ukawa kitu cha kusimuliwa tu, kisha mimi na mke wangu tukavuka Ziwa Tanganyika na masanduku mawili, tukapanda treni Kigoma. Dar es Salaam, bwana mmoja aliyekuwa akizitafutia hospitali za mikoani madaktari aliniuliza kama naweza kuishi milimani. Nikamwambia nimezaliwa milimani. Alifurahi kupita kiasi, nikajua kuna walioulizwa kabla yangu wakakataa. Baada ya siku tatu tulikuwa Mombo, tumesimama kando ya barabara kuu katikati ya wauza ndizi, tukingoja lori lililoteremsha kabichi lirudi juu Lushoto. Dereva alimpa mke wangu kiti cha mbele, mimi akanipandisha nyuma pamoja na matenga matupu. Kila tulipopinda kona mke wangu aligeuka kuangalia kama bado nipo.

Kiswahili changu kilikuwa burudani ya hospitali nzima. Asubuhi ya kwanza niliingia wodini nikauliza kwa sauti, “Muko bazima?” Wagonjwa walicheka hadi waliokuwa na mipira ya dripu mkononi. Salamu ndizo zilizonitesa zaidi. Kwetu “jambo” inamtosha mtoto na inamtosha askofu. Nilimwambia “jambo” bibi mmoja mwenye mvi tupu, akageuza uso ukutani, hakunijibu hata nilipomuuliza panapouma. Muuguzi mmoja, mama wa makamo, mtu wa hukohuko Lushoto, alinivuta pembeni akanifundisha shikamoo kama anavyofundishwa mtoto wa chekechea, kisha akanirudisha kitandani kwa bibi nianze upya. Bibi akaitika marahaba, akafunua tumbo.

Nawashukuru kwa kunicheka. Nilikuwa mgeni, na katika miji mingine niliyopita wageni hawachekwi, wanapitwa tu. Majirani zetu wa upande wa Magamba walituletea kuni bila kuombwa, na mmoja wao alikaa saa nzima akimwonyesha mke wangu namna ya kuwasha moto kwa kuni mbichi. Waumini wa kanisa la jirani walitutia kwenye orodha yao ya kutembelea wagonjwa ingawa hatukuwa wagonjwa, eti sura zetu zilionyesha tunahitaji kutembelewa.

Kisha ikaja enzi ya ruksa. Mitumba ruksa, maduka ya kila aina ruksa, na hatimaye madaktari kufungua zahanati zao wenyewe nako kukawa ruksa. Nilikodi jengo lililokuwa duka la ushirika, njia ya kwenda Mponde, nikalipaka chokaa mwenyewe, nikaandika neno ZAHANATI kwa herufi zilizoinama upande. Yule muuguzi aliyenifundisha kusalimu aliacha kazi hospitalini akanifuata. Nilimuuliza kwa nini. Akasema anaogopa nitawaudhi watu akiwa hayupo.

Wateja wetu walikuwa kila mtu. Wakulima wa Kisambaa na familia zao, kizazi juu ya kizazi, na wachuma chai waliotoka Songea, Iringa, Kigoma, Singida, Waislamu na Wakristo kwenye benchi moja. Nilimtibu babu kifua, mwanawe jino, mjukuu minyoo, na wakati mwingine wote siku ileile. Nilipenda kazi ile, sitaki kudanganya. Mtoto aliyeletwa mgongoni akiwa kimya kwa homa, kesho yake anaingia kwa miguu yake na kuiba bandeji yangu. Nilidhani nitafanya hivyo mpaka nizeeke.

Nilikuwa na mahubiri mawili, na niliyatoa kila siku mpaka muuguzi akawa anayamalizia yeye. La kwanza: osheni kila kitu kabla ya kupika. La pili: mwanamke mwenye mimba asimeze dawa yoyote ambayo hakuandikiwa. Hili la pili nililisema kwa hasira, kwa sababu maduka ya dawa yalikuwa yamechipuka kila kona, na wauzaji wengine mwezi uliopita walikuwa wakiuza mafuta ya taa.

Ndipo akaja yule mchuma chai.

Alikuwa binti wa Songea, Mkatoliki, ameolewa na kijana wa Kisambaa kutoka familia ya Kilutheri, mpakiaji wa mizigo kiwandani. Alikuja na mtoto wa kiume wa miaka mitano mwenye kimo cha mtoto wa miaka mitatu. Mtoto alinitabasamia vizuri sana. Nilipiga makofi nyuma ya kichwa chake, hakugeuka.

“Huyu hasemi,” mama yake alisema. “Sijaja kwa ajili yake, daktari. Nimeshazunguka naye kote. Nimekuja kwa ajili ya huyu aliye tumboni. Ana miezi miwili. Naye atakuwa hivi?”

Nilimshika shingo. Palikuwa na rovu, uvimbe laini wa ukubwa wa yai, wa aina ambayo nimeuona kwa wanawake wengi wa milimani, huku na kwetu.

“Nani anakuuliza swali hilo?” nikamwambia. “Ni wewe, au unaulizwa?”

Akainamisha kichwa. Wazee wa upande wa mume, baba wadogo, walikuwa wamekaa kikao. Walisema mambo haya hayakuwepo kwao, yamekuja na yeye kutoka Songea. Wakakubaliana wangoje mtoto wa pili. Akiwa hasemi naye, arudishwe kwao na watoto wake wote wawili, mume atafutiwe mwingine.

“Na mumeo anasemaje?”

“Amenyamaza.”

Nilimweleza kwamba hakuja na kitu. Nilimwambia kuna madini fulani mwili unayahitaji kidogo tu, lakini mvua za milimani zimeyakokota kutoka kwenye udongo kwa miaka mingi, kwa hiyo mahindi hayana, maharage hayana, na mama asiyekuwa nayo hawezi kumpa mtoto tumboni. Ubongo na masikio ya mtoto ndivyo vinavyoumia. Palikuwa na vidonge vya kumpa, lakini nilipouliza wilayani niliambiwa vimekwisha, tungoje. Ila chumvi mpya ilikuwa imeanza kupanda kutoka Mombo, ya pakiti, iliyotiwa madini yenyewe. Serikali iliiita chumvi yenye madini joto.

Hapo ndipo nilipokosea. Jina lile niliona ni zito. Mimi mwenyewe nilipolisikia mara ya kwanza nilifikiri ni kitu cha mgodini. Nikaona nirahisishe. “Nunua chumvi ya pakiti,” nikamwambia, “ina dawa ndani yake.” Jumapili iliyofuata nilimwomba mchungaji ruhusa nikasimama uwanjani baada ya ibada, nikawaambia watu wote vivyo hivyo: chumvi ya pakiti ina dawa. Niliongeza na mahubiri yangu mengine mawili, kwa kuwa umati ulikuwa mzuri.

Na nikakosea mara ya pili. Yule binti alipokuwa anaondoka alisimama mlangoni akaniuliza, “Kwa hiyo atasema?” Nikamjibu, “Atasema. Mimi nakuambia.” Alifumba macho kidogo, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa chai mgongoni.

Baada ya miezi miwili alirudi kupimwa. Rovu lilikuwa limekua. Nililishika kulia, nikalishika kushoto, damu ikanipanda. Nilikuwa nimeahidi kwa mdomo wangu, na mtu ambaye ahadi ile ilikuwa yake ndiye aliyeidharau, ndivyo nilivyoona. Mlango ulikuwa wazi na benchi limejaa.

“Hukula ile chumvi,” nikasema.

“Nimekula, daktari. Hatuli nyingine.”

“Unasema uongo. Unataka huyu naye awe kama kaka yake?”

Alimshika mtoto mkono, akapita mbele ya benchi zima huku watu wakitazama miguu yao. Nimefanya makosa mengi ya kitabibu katika maisha yangu, mengine makubwa, lakini sentensi ile ndiyo inayonirudia ninapoosha meno.

Muuguzi alifunga mlango. Alikuwa mtu mpole na sikuwahi kumwona amekasirika hivyo.

“Yule hajasema uongo,” alisema. “Wewe nenda kwao ukaone.”

Jumamosi nilikwenda kwa miguu. Njia ilipita kwenye mashamba ya chai ya wakulima wadogo, ikateremka bondeni, ikapanda tena. Mvua ilinikuta bondeni, ile ya Usambara isiyo na haraka ya kwisha. Nilipofika nilikuwa nimelowa mpaka kwenye soksi. Aliyenipokea ni mama mkwe, mwanamke mrefu, mnyoofu, kilemba cheupe cha kina mama wa kanisani kichwani ingawa haikuwa Jumapili. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akanitazama ninavyotetemeka. Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshaelekea sebuleni.

“Huko utakufa na baridi, nami nitaulizwa,” alisema. “Njoo jikoni.”

Nilisitasita mlangoni. Akaniambia, “Ingia baba, hakuna anayeng'ata.”

Hivyo ndivyo nilivyoingia jikoni. Moto ulikuwa katikati ya mafiga matatu, juu yake uchanja uliojaa mahindi yaliyopigwa weusi na moshi. Yule binti alikuwa kwenye kona akimenya viazi, mwanawe amemwegemea. Aliniamkia kwa adabu, hakuniangalia. Nilipewa kigoda. Nilikuwa nimekuja na hotuba ndefu, lakini meno yalikuwa yakigongana, nikaamua nipate joto kwanza.

Mama mkwe akaendelea na kazi zake. Alichukua pakiti ya chumvi, ileile, nembo naiona kwa macho yangu. Akaimimina kwenye bakuli. Akaongeza maji, akaikoroga kwa mkono, akayamwaga maji nje ya mlango. Akaongeza mengine, akakoroga, akamwaga. Mara ya tatu. Kisha kile kilichobaki akakitandaza kwenye ungo na kuuweka karibu na moto kikauke.

“Mama,” nikasema, “unafanya nini?”

“Naosha chumvi.”

“Kwa nini?”

Alinitazama kama nimeuliza kwa nini watu hufagia. Akaniambia chumvi huoshwa. Chumvi ya mawe ilikuwa ikija kutoka pwani ndani ya magunia yaliyokwisha kubeba kila kitu, na miaka ya uhaba ilikuja michanga mitupu. Mwanamke asiyeosha chumvi anamtafunisha mumewe changarawe. Yeye mwenyewe alipoolewa, wiki ya kwanza, baba mkwe wake aliuma punje moja ya mchanga kwenye mboga, akaweka sahani chini, akatoka. Mpaka leo yeye hajasahau.

“Hii ya pakiti ni safi,” akaendelea, “mwenyewe niliona, nikasema sasa nitapumzika kuosha. Lakini wewe ulisimama uwanjani ukasema ina dawa. Nami nilikuwepo, mstari wa mbele. Na siku ileile ukasema mwenye mimba asiguse dawa ambayo hakuandikiwa. Sasa huyu mkwe wangu umemwandikia dawa ya kutia kwenye mboga kila siku? Hukumwandikia. Kwa hiyo ya kwetu naiosha mara moja tu, ya kwake naiosha mara tatu. Nampikia chungu chake peke yake. Wale wanaume wanataka kumrudisha kwao. Mimi simtoi mtoto wa watu hapa. Nataka mjukuu wangu asiguswe na kitu.”

Kila alichofanya kilitoka mdomoni mwangu. Alikuwa amenisikiliza kuliko mtu yeyote katika wilaya ile, akapanga maneno yangu pamoja kama yanavyopaswa kupangwa, na yakatoka hayo. Niliona aibu mpaka baridi ikaniacha.

Nilimgeukia yule binti kwenye kona. “Mama,” nikamwambia, “nilikuita mwongo mbele za watu. Nisamehe. Hukusema uongo.”

Akaendelea kumenya kiazi mpaka kikaisha. “Nimesamehe,” akasema. “Lakini mtoto, daktari?”

Kwanza nilimweleza mama mkwe kwamba madini yale yanatoka na maji, kwamba alichokuwa akikimwaga nje ya mlango ndicho tulichokinunulia pakiti. Nikamwambia siyo dawa hasa, ni kitu kilichopungua kwenye udongo kinarudishwa kwa njia ya chumvi.

“Sasa kwa nini ulisema ni dawa?”

“Nilidhani hamtaelewa.”

Aliweka mikono kiunoni. “Kigumu hapo ni kipi? Udongo umechoka, sisi ndio tunaoulima! Viazi nisipoviwekea samadi vinatoka kama punje za maharage. Ungesema chumvi imetiwa mbolea ya mwili wa mtu, tungeelewa siku hiyohiyo, na wewe usingelowa.”

Nimesoma vyuo viwili, na sijapata kufundishwa vizuri kuliko pale kwenye kigoda.

Jumatatu nilifunga zahanati, nikateremka Mombo, nikafika Tanga, nikakaa kwenye benchi la ofisi moja nikiwaambia wote waliopita kwamba siondoki. Siku ya pili walichoka kuniona wakanipa vidonge vichache ndani ya bahasha ya kaki. Jumatano jioni nilikuwa tena jikoni kule. Mama mkwe alikichukua kidonge akakitazama kwenye mwanga wa moto.

“Hiki sasa ni dawa?”

“Hicho ni dawa.”

“Umemwandikia?”

Nilitoa karatasi nikaandika hapohapo, nikatia sahihi. Akaisoma yote. “Haya mwanangu,” akamwambia mkwe wake, “meza.”

Safari hii sikuahidi. Yule binti aliniuliza kwa macho, nami nikamwambia ukweli, kwamba tumechelewa kidogo lakini huenda hatujachelewa sana, na kwamba hatutajua mpaka mtoto afike umri wa kusema. Maana yake ni miaka miwili ya kungoja, na wale wazee nao wanangoja.

Kesho yake pale zahanati niliuliza benchi zima wanaifanyaje chumvi. Wote wanaosha. Wengine mara mbili. Wanaiweka kwenye vibuyu visivyo na kifuniko juu ya moto, joto linamalizia kilichobaki. Nilimgeukia muuguzi wangu.

“Na wewe?”

“Naosha pia.”

“Miaka yote hii! Mbona hukuniambia?”

“Hukuuliza,” akasema. “Mimi nitaanzaje kumwambia daktari habari za jikoni?”

Nadhani ni siku ile nilipoacha zahanati, ingawa niliifunga baadaye. Nilikuwa nikishika shingo moja moja, nikiandika, nikipandwa na hasira, na huku mambo yote yalikuwa yakiamuliwa kwenye vibanda ambavyo sikuwahi kuinama kuingia. Mtoto wa yule binti, wa kike, alizaliwa msimu wa chai nyingi, akalia kwa sauti ambayo muuguzi alisema inasikika Bumbuli. Kulia hakukutuambia kitu. Kaka yake naye alizaliwa analia.

Nilimwachia tabibu mmoja zahanati, nikaomba kazi wilayani, upande wa kinga. Rafiki zangu niliosoma nao waliniandikia barua za kunipa pole. Daktari mzima anaweka sindano chini akahubiri chumvi! Mke wangu alicheka tu, akasema sasa angalau nitajua jiko lake liko upande gani. Nilipelekwa kozi ya afya ya jamii mwaka mmoja, nikakaa darasani na vijana wakiniita mzee. Nilikumbuka sana zahanati yangu. Bado naikumbuka. Katika afya ya jamii hakuna anayekuja kesho yake kukushukuru kwa ugonjwa ambao hakuupata.

Lakini nilikuwa na mwalimu. Kabla ya kozi na baada yake, mama mkwe yule alinitembeza jikoni kwa watu. Mabango niliyopewa wilayani aliyakataa, akasema mwanamke mwenye sufuria motoni hana muda wa kusoma ukuta. Nilimpa kichupa cha matone ya kupimia. Alikuwa akichukua sahani mbili, moja chumvi iliyooshwa, nyingine isiyooshwa, anadondosha tone kila moja. Iliyooshwa inabaki nyeupe. Nyingine inageuka zambarau mbele ya macho yao, na wanawake wanasogea kutazama. Kisha anawaambia kwa Kisambaa, kwa maneno machache kuliko yangu: usioshe, weka kwenye kopo lenye kifuniko mbali na moto, tia chunguni mboga ikishaiva. Baadaye alikuwa akiwaambia na habari ya daktari aliyeingia amelowa, na wakacheka, nami nikacheka nao kwa sababu ilikuwa haki yao.

Aliwaita na wale baba wadogo. Aliwapimia chumvi ya aina iliyoliwa mwaka aliozaliwa mjukuu wa kwanza, yaani chumvi ya mawe aliyoiomba kwa jirani, ikabaki nyeupe pe. Akawaambia, “Huyu binti hakuja na kitu kutoka Songea. Kilichokosekana kilikosekana hapa, jikoni kwangu.” Wazee walisema wamesikia. Walisema pia kwamba wataendelea kungoja. Kwa hiyo sote tukangoja, na kila nilipopita kule yule mchuma chai alinisalimu, akanipa chai, hakuuliza, nami sikusema. Tulimtazama mtoto akitambaa. Tulimtazama akisimama. Akipigiwa makofi nyuma aligeuka, lakini nilikuwa nimejifunza kutofurahi mapema.

Kisha mvua za mwaka ule ziliharibu barabara, na kazi ikanipeleka upande mwingine wa wilaya kwa miezi mingi.

Siku moja ya soko, nikiwa ofisini Lushoto mjini, mlango uligongwa akaingia mama mkwe. Kilemba cheupe, viatu vimejaa tope. Nilisimama kumwamkia. Aliitika, lakini kiti hakukitaka.

“Daktari, nimekuja na malalamiko.”

Nikauliza, “Ni mtoto?”

“Ni mtoto.”

Nilishika ukingo wa meza. Niliona wale wazee, niliona basi la Songea, niliona yule binti akipita mbele ya benchi na sasa ana watoto wawili mkononi.

“Haachi kusema,” alisema mama mkwe. “Anaamka anasema, anakula anasema. Mchungaji akihubiri na yeye anahubiri. Kaka yake akinyoosha kidole tu, yeye anapiga kelele, ‘Anataka uji!’ Wale wazee wakija anawauliza mbona meno hamna, nao wanacheka, wanamletea ndizi. Habari ya Songea hakuna anayeigusa tena. Mama yake anakwenda zake kuchuma chai, kazi ya kusikiliza nimeachiwa mimi. Masikio yamechoka. Nimekuja kuuliza kama kuna dawa.”

Nilikaa chini. Machozi yalinitoka bila kuniomba ruhusa, mbele ya mtu aliyekuwa na haki ya kuamkiwa shikamoo na mimi. Alifungua ncha ya kanga, akanipa nijifute.

“Hakuna dawa, mama,” nikasema nilipoweza.

“Nilijua,” akasema. Sasa ndipo alipovuta kiti akakaa.

Alikuwa amemwacha mtoto nje kwa mlinzi. Dirisha lilikuwa wazi. Tulimsikia akimuuliza lile gari ni la nani, na mbona lina tope, na tope limetoka wapi, na mlinzi akijibu, na kabla hajamaliza kujibu anaulizwa lingine. Mama mkwe alifungua mdomo aseme neno, kisha akaufunga, tukakaa wote wawili tukimsikiliza.